Panga Lisilo na Ala

Shimba, mtoto wa kwanza wa Budeba, alirudi kutoka shambani kabla ya saa sita mchana, akiikokota baiskeli kwa mkono mmoja. Mama yake, Marciana, alikuwa uani akipepeta mchele. Alijua kuna jambo kabla hajaona damu, kwa sababu tangu baiskeli ile inunuliwe Shimba hakuwahi kuikokota. Yeye na Foniksi yake walikuwa kama mtu na mkewe. Hata chooni, kama njia ingeruhusu, angeenda nayo.

“Mama,” akasema, akaiachia baiskeli ikaanguka. “Nimekatwa na panga.”

Maneno yenyewe ni hayo tu. Ukimpelekea mwalimu wa Kiswahili ayasahihishe, ataweka tiki nyekundu na kukupa alama zako zote. Lakini huku Tindiga, mwaka ule uliofuata mvua za Elnino, mtu akisema amekatwa na panga hakuna aliyefikiria panga. Watu walimfikiria mkataji. Maji yalikuwa yamevuruga kila kitu: mashamba ya mpunga yalihama, njia za ng’ombe zikahama, na wakulima na wafugaji wakajikuta wamebanana bondeni kama watu wawili kwenye kiti kimoja. Kila wiki palikuwa na maneno kwenye mipaka. Juma lililopita tu ng’ombe wa Sapit, kijana wa Kimasai wa boma la ng’ambo ya mfereji, waliingia kwenye mpunga wa Budeba, na Shimba akamwambia Sapit mbele ya watu, “Iko siku tutaonana.” Sapit naye akajibu, “Tuonane tu.” Kijiji kizima kilikuwa na habari.

Basi Marciana akaweka ungo chini, akamkimbilia mwanawe. Kiganja cha kushoto kilifungwa kitambaa, nacho kilikuwa chekundu. Kwanza alidhani ni damu. Alipotazama vizuri akaona mistari myeusi, akajua kile ni kipande cha shuka la Kimasai. Akatoka nje ya uzio akapiga yowe.

“Jamani, Shimba kakatwa panga! Shimba wangu kakatwa panga!”

Alichotaka ni mtu mmoja tu wa kumshika mwanawe upande wa pili, wamfikishe zahanati. Lakini yowe halikuulizi unataka nini. Kwa Wasukuma yowe ni yowe, mwanamume akilisikia anaacha jembe anashika fimbo, maelezo atayapata huko huko. Marciana na Shimba walipofika nusu ya njia, wanaume walikuwa wakichomoka mashambani mmoja mmoja, na kila aliyekiona kitambaa kile aliuma meno akapita.

Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili na baraza. Nesi Devotha, binti wa Kilosa mjini, alikuwa na mwaka wa tatu pale, na watu walikuwa wameshamzoea kwa ukali wake. Alimlaza Shimba, akamwambia Marciana aubane mkono na kuuinua juu ya kichwa, kisha akafungua kile kitambaa na kukiweka kwenye sahani ya bati.

“Aliyefunga hapa kafunga vizuri,” akasema. “Kakaza panapotakiwa. Bila hivyo mngeniletea mtu mweupe kama karatasi.”

Devotha aliosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, akachoma sindano ya pepopunda, akamwambia Shimba akunje vidole. Kidole gumba kilikunjika na cha shahada kikakunjika. Vile vingine vilibaki vimenyooka, kama si vyake.

“Mishipa ya kukunjia imekatika,” Devotha akasema. “Mimi hapa nyuzi za kazi hiyo sina. Mikumi kwenye hospitali ya misheni yuko daktari anayeiunga. Akifika leo atalima kwa mikono miwili. Akikaa mpaka keshokutwa, mkono huu utabaki wa kuning’inizia mfuko.”

Shimba alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Yeye ndiye alikuwa anashika plau, anafunga maksai, anapanda darini kuweka magunia. Mkono ule ulikuwa nusu ya nyumba yao.

“Kuna Fuso ya wanunuzi wa mpunga inaondoka saa tisa,” Devotha akaendelea, akafungua daftari lake kubwa lenye jalada la bluu. Kila aliyeumia aliandikwa humo: nini kimemwumiza, wapi, namna gani. Watu walilichukia lile daftari kwa sababu lilikuwa na maswali mengi kuliko padri wa kitubio. “Shimba. Umekatwa au umejikata?”

Shimba akatazama dari.

“Nakuuliza wewe. Umekatwa, au umejikata?”

“Ni panga,” Shimba akasema.

“Hilo naliona. Panga halitembei lenyewe.”

Mlango ukajaa. Alikuwa Budeba, baba mtu, jasho linamtiririka, rungu mkononi. “Amekatwa,” akasema. “Andika.”

“Shikamoo, mzee Budeba. Nimemuuliza mgonjwa.”

“Marahaba. Mgonjwa ni mwanangu. Amekatwa.”

“Na nani?”

Budeba akanyoosha rungu kwenye sahani ya bati. “Na mwenye shuka hilo. Au mnataka awaandikie barua?”

Devotha hakuandika. “Mzee, sikiliza. Nikiandika amekatwa, Mikumi watataka PF3. Maana yake kabla ya gari apite polisi, ataje jina la mtu, aseme saa ngapi, aseme wapi. Jina la mtu, mzee. Shuka halina jina.”

“Atataja. Anamwogopa nani?”

Shimba akafumba macho. Marciana, aliyekuwa bado ameushikilia ule mkono juu, akaona suruali ya mwanawe imechanika. Akainama akaikunja kwa mkono wa pili. Magoti yote mawili yalikuwa yamechubuka, na changarawe imeganda ndani ya ngozi. Marciana alikuwa amelea watoto watano, na magoti ya namna ile alikuwa ameyaosha mara zisizohesabika. Akayafunika haraka, akamtazama nesi, na nesi alikuwa anamtazama yeye.

“Baba Shimba,” Marciana akasema, “katushikie nafasi kwenye gari kwanza. Likiondoka, hata polisi hatasaidia.”

Budeba akatoka. Devotha akasogea karibu na Marciana, akasema kwa sauti ya chini, “Mtu akijiliwa na panga huinua mkono hivi, hukatwa huku nje. Huyu kakatwa kiganjani. Alilishika.”

“Nimeona na magoti,” Marciana akasema. Akamgeukia mwanawe. “Haya, niambie mimi. Nimekuzaa, utaniona aibu gani?”

Shimba akaangalia mlango. “Usimwambie baba.”

“Sema kwanza.”

“Nilianguka.”

“Na baiskeli?”

“Nilikuwa nimeachia mikono.” Alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. “Nikaingia kwenye mashimo ya kwato, pale palipokauka tope. Panga nilikuwa nimelifunga kwenye bomba kwa mpira wa tairi. Likachomoka. Nikaona linaniangukia, nikalidaka.”

“Ukalidaka panga?”

“Mama, mkono uliwahi kuliko akili.”

“Na hili shuka?”

Hapo machozi yakamtoka Shimba, akayaacha yatiririke kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu na mwingine alikuwa ameulalia. “Ni la Sapit. Niliiona damu nikazirai. Nilipozinduka yuko juu yangu anachana shuka lake. Kanifunga. Kanibeba mgongoni, Mama, mimi na urefu huu, mpaka kwenye mfereji. Halafu akarudi kuichukua baiskeli, akanyoosha usukani, akanipa. Akasema pole. Wiki nzima natangaza kwamba nikionana naye atanitambua. Nimeonana naye kanibeba kama mtoto.”

“Kwa nini hukusema nyumbani?”

“Ulipiga yowe sijamaliza. Watu wakaja. Baba akaja na rungu. Ningeanzia wapi?”

Marciana alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja, akashindwa kuchagua. Ndipo filimbi ikalia nje, mara mbili, halafu mara ya tatu. Hiyo ni filimbi ya sungusungu, walinzi wa kijiji, na ya tatu maana yake watu wamekamilika, wanaondoka.

Akamwachia nesi mkono wa mgonjwa, akatoka barazani.

Walikuwa kama hamsini. Fimbo, marungu, mapanga, na wawili walibeba pinde. Mbele yao alisimama kamanda wao, Ngolo, mtu mfupi mwenye kifua kipana, filimbi inaning’inia shingoni. Budeba alikuwa pembeni yake. Kwenye gari hakuwa amefika.

“Ngolo,” Marciana akaita. “Msiende. Kijana hakukatwa na mtu. Ameanguka na baiskeli. Yule Sapit ndiye aliyemwokoa.”

Wanaume walitazamana. Ngolo hakumfokea, na hilo lilimuuma Marciana kuliko kufokewa. Alimjibu kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa wa homa.

“Mama Shimba, tunakuelewa. Wewe ni mzazi, vita huitaki. Rudi ndani ukakae na mtoto.”

“Nakwambia ameniambia mwenyewe.”

“Umepiga yowe wewe mwenyewe, mama. Kakatwa panga, tumekusikia wote. Sasa tena hakukatwa?”

Mtu mmoja nyuma akaguna. Budeba aliona haya, akakaza uso. “Mke wangu,” akasema, “usinivunjie heshima mbele ya watu.”

Miaka ishirini na mitano ya ndoa, na hilo ndilo alilolipata, tena wakati yeye ndiye aliyekuwa anasema kweli. Marciana alitamani ardhi imfiche. Lakini alichokuwa anakiona mbele ya macho yake hakikuwa aibu yake. Aliona boma la ng’ambo ya mfereji, na Nalepo, mama yake Sapit, ambaye kila Jumanne walibadilishana maziwa na mchele na kuulizana habari za watoto. Aliwaona watu hamsini wakimkuta kijana ambaye asubuhi ile alimbeba mwanawe mgongoni. Akarudi ndani.

“Hawaniamini,” akamwambia Shimba. “Wanakwenda kwa Sapit.”

Hakumwambia amka, hakumwambia nenda. Shimba aliangalia vidole vyake visivyokunjika, akamwangalia mama yake, akateremsha miguu chini ya kitanda.

“Nishikeni,” akasema.

“Mkono usiushushe,” Devotha akasema.

Ndiyo maana alipotokea mlangoni alikuwa ameuinua mkono juu, bendeji imeanza kulowa, kama shahidi anayeapa mahakamani. Wanaume walikuwa wameshageuza migongo. Shimba akaita kwa nguvu zote zilizobaki.

“Sijakatwa! Nimejikata!”

Wakageuka.

“Umesema?” Ngolo akauliza.

“Nimejikata. Mimi mwenyewe, na panga langu mwenyewe. Nilikuwa naendesha baiskeli nimeachia usukani.”

“Mikono yote miwili?” akauliza mzee mmoja.

“Yote.”

“Kwa nini?”

“Nilikuwa najifunza.”

“Unajifunza nini, wewe mtu mzima?”

Shimba alimtafuta baba yake kwa macho, akamkosa, Budeba alikuwa anatazama chini. Ikabidi amalize. “Kupita kisimani jioni bila kushika.”

Kila mtu alijua akina nani wanakaa kisimani jioni. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wale wabeba pinde, kikazimwa haraka. Ngolo hakucheka. Kisimani jioni alikuwepo binti yake pia.

“Hapana,” Ngolo akasema. “Huyu katishwa huyu. Nani anajikata kiganja kizima hivi? Panga la mtu halimgeuki mwenyewe.”

Hapo Devotha akatoka na daftari lake la bluu. Alisimama kwenye ngazi ya juu ili awe mrefu kuliko Ngolo, jambo ambalo halikuhitaji ngazi nyingi.

“Tangu Januari mpaka leo,” akasema, “nimeshona na kufunga watu ishirini na saba walioumizwa na panga. Waliokatwa na mtu mwingine ni watatu, na wote watatu walikatwa na jamaa zao, pombeni. Ishirini na wanne wamejikata. Majina siyasomi, ni siri ya mgonjwa. Nasoma namna ilivyokuwa tu.” Akapekua. “Machi. Kaweka panga begani, kapiga chafya. Sikio. Aprili. Kampa mwenzake panga kwa kushika makali. Vidole viwili. Aprili tena. Kakalia panga kwenye mkokoteni.”

“Kakalia wapi?” mtu akauliza.

“Alipokalia,” Devotha akasema. Kicheko kikapanda. Mtu mmoja wa katikati alijirudisha nyuma ya wenzake taratibu. “Februari. Panga liliegemezwa kitandani. Mwenyewe kaamka alfajiri kwenda kujisaidia. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Nyumbani alisema ameumwa na nyoka.”

Macho ya watu, bila kuelekezwa na mtu, yakateremka yote kwa pamoja mpaka kwenye kandambili ya kulia ya Ngolo, ambaye tangu Februari alikuwa anachechemea na nusu ya kijiji ilikuwa imeshamshauri dawa za sumu ya nyoka.

Ngolo alijikaza. Alitazama juu, alitazama filimbi yake. Halafu mashavu yakamtetemeka, akaangua kicheko yeye mwenyewe, kicheko kikubwa cha mtu aliyechoka kutunza uongo, na wale hamsini wakapasuka. Walicheka mpaka wengine wakajishikilia kwa fimbo walizokuja nazo. Shimba, na mkono wake juu, alicheka huku analia. Mtu akasema, “Jamani, gari la mgonjwa!” na wanne wakakimbia kulizuia Fuso.

Budeba peke yake hakucheka. Aliliweka rungu kwapani, akapanda ngazi, akamshika mwanawe kiunoni.

“Twende,” akasema. “Uegemee huku.”

Devotha aliandika kwenye barua ya rufaa: amejikata, panga, ajali ya baiskeli. Mikumi hakuna aliyeuliza PF3. Daktari alimwingiza Shimba chumba cha upasuaji jioni ile ile, na Marciana akakaa siku kumi hospitalini, akipika kwenye jiko la wauguza wagonjwa pamoja na wanawake wa vijiji vya Ulaya, Kidodi na Ruaha. Kwa kweli siku zile hazikuwa mbaya. Alilala kwenye mkeka mkavu, alipata marafiki wawili, na kila asubuhi daktari alipomwambia Shimba ajaribu kukunja, vidole vilisogea zaidi ya jana. Siku ya tisa Shimba alishika kijiko, na Marciana akatoka nje kulia kwa raha zake, mbali na watu.

Waliporudi Tindiga kidole cha mwisho tu ndicho kilichobaki kigumu. Devotha alisema kitalegea kwa mazoezi, na kisipolegea, hakuna jembe linaloshikwa kwa kidole hicho.

Lililobaki lilikuwa la Budeba. Kila alipoambiwa waende kwa Sapit kushukuru alikuwa na kazi. Mara mpunga haujakauka, mara maksai anachechemea, mara Jumapili si siku ya kutembelea watu. Marciana alimwacha wiki nzima. Asubuhi ya Jumatatu alijaza debe la mchele mpya, akalifunga kwa kanga, akajitwisha.

“Mimi na Shimba tunakwenda,” akasema. “Wewe ukibaki, nitamwambia Nalepo mume wangu anaona aibu.”

Budeba akainuka, akachukua panga lake ukutani.

“Unakwenda kushukuru na panga?”

“Nitapitia shambani.”

Walivuka mfereji, wakafika bomani. Sapit alikuwa anamfunga ndama. Alipowaona akaacha kamba, akamfuata Budeba kwanza, kwa sababu ndiye mkubwa, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, mzee.”

Budeba alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi njiani, hilo hakulifikiria. Kitu cha kujibu ni neno moja, neno ambalo analitoa mara hamsini kwa siku bila kulisikia. Siku ile likakataa kutoka. Kuitika marahaba ni kukubali kwamba wewe ni mzazi wa huyu aliyekusalimu, na huyu ndiye uliyemshikia rungu. Sapit alingoja, kichwa bado kimeinama.

“Marahaba,” Budeba akasema hatimaye. “Marahaba, mwanangu.”

Nalepo aliwatolea vigoda, akapokea debe la mchele, akawapa maziwa. Sapit aliukagua mkono wa Shimba, akaugeuza huku na huku kama fundi anayekagua kazi yake.

“Unashika sasa?” akauliza.

“Nashika.”

“Usukani?”

“Na usukani,” Shimba akasema, na vijana wale wawili wakacheka bila kutazamana.

Nalepo hakucheka. Alikaa mbele ya Budeba, akasema kwa Kiswahili chake cha maneno machache, “Siku ile tulisikia filimbi. Mlikuwa mnakuja kwetu?”

Marciana alishusha kikombe. Ilikuwa rahisi kusema hapana. Angeweza hata kulisema yeye, amwokoe mumewe, na pangekwisha.

“Ndiyo,” Budeba akasema. “Tulikuwa tunakuja.”

“Kupiga?”

“Kupiga.”

Nalepo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akamwonyesha Sapit kwa kidevu. “Huyu alichukua maziwa kwenye kibuyu. Akasema, nakwenda kumwona mgonjwa. Peke yake. Fimbo aliacha, alisema mkono mmoja ashike maziwa, mwingine atamsaidia kumwinua. Akavuka mfereji. Akakaribia zahanati. Akasikia watu wengi wanacheka. Akasema, wakicheka hivi mgonjwa ni mzima, akaona haya kuingia kwenye furaha ya watu. Akarudi na maziwa yake.”

Budeba aliogopa. Wiki tatu zilikuwa zimepita, jua linawaka, ndama analia, maziwa mkononi, naye akashindwa kunywa. Njia ile ni moja tu. Wangemkuta katikati, na kibuyu chake, na yeye Budeba alikuwa mbele.

“Tusamehe,” akasema. “Nisamehe mimi. Wengine niliwachukua mimi.”

“Imekwisha,” Nalepo akasema. “Mtoto wako amerudi na mkono, wangu yuko hapa. Kunywa.”

Akanywa. Walizungumza mvua, wakazungumza ng’ombe na mahali pa kuwapitisha mpunga ukiwa mbichi, na Budeba akasema kando ya shamba lake kuna ukanda wa majani asioulima, watapita hapo. Walipoinuka kuaga, Sapit alilitazama panga lililoegemezwa kwenye kigoda, akajizuia, akashindwa.

“Mzee, samahani. Panga lako liko uchi.”

“Liko nini?”

“Uchi. Halina nguo.” Sapit akagusa sime yake kiunoni, iliyovaa ala ya ngozi nyekundu mpaka shingoni. “Sisi kijana hapewi sime mpaka awe na ala. Ninyi mnabeba makali wazi, kwenye baiskeli, begani, mnalala nayo. Siku ile nilishangaa. Nilisema, hawa watu wanaishi vipi?”

“Muulize nesi,” Shimba akasema. “Ameandika yote.”

Sapit alikuwa ameshachukua kipande cha kamba. Alilipima panga kwa urefu, akafunga fundo, akapima kwa upana, akafunga la pili. Kisha akaiangalia ile kamba kwa mashaka.

“Haitoshi. Ngozi lazima ikaukie kwenye chuma chenyewe, ndiyo ikamate. Liache hapa siku tatu.”

Marciana alimtazama mumewe. Budeba alilishika panga, kwa mazoea tu, vidole vikaenda vyenyewe kwenye mpini. Alikaa nalo hivyo kidogo. Halafu akaligeuza, makali yakaelekea kwake, akamwachia Sapit mpini.

Njiani hakujua mikono aiweke wapi. Aliifunga mgongoni, akaiachia, akaishika kiunoni, akaiachia tena, mpaka Marciana akaona huruma akampa kanga aliyofungia debe aibebe. Shambani hawakupitia, angepitia na nini? Karibu na mfereji wakakutana na Ngolo anatoka kufyeka, panga lake begani, makali juu, sentimita chache kutoka shingoni.

“Budeba,” Ngolo akasema, akamkagua juu mpaka chini. “Leo umetoka hivi hivi? Panga liko wapi?”

“Nimeliacha kwa Sapit. Analishonea ala.”

“Kwa Sapit,” Ngolo akarudia. Aliangalia upande wa boma, akawaangalia wale watatu mmoja baada ya mwingine. Akangoja aone nani atacheka. Hakuna aliyecheka. Ngolo akaliteremsha panga lake begani, taratibu sana kwa mtu wa haraka kama yeye, akalishika mbali na miguu.

“Yuko nyumbani saa hizi?” akauliza.